Tusichezee Dhamana ya Magari Mapya

Nyuma ya jengo la idara moja ya serikali hapa Singida, chini ya mwarobaini, limesimama gari aina ya pikapu lenye milango minne. Halijatimiza miaka miwili tangu litolewe kwa wakala, na kilomita zake hazijafika elfu arobaini. Rangi yake ingali inang'aa, na viti vyake vya nyuma vingali vimefunikwa nailoni ya kiwandani. Lakini injini yake imekufa. Pistoni moja imetoboka, turbo imevunjika mapanga yake, na klachi imeungua. Wakala aliyeliuza amekataa kulitengeneza kwa gharama zake, ijapokuwa hati ya dhamana, ile ambayo wengi wetu tunaiita waranti, ilikuwa ingali na zaidi ya mwaka mzima wa kuishi.

Tulipopata habari hizo mara ya kwanza tulidhani kwamba hapa pana dhuluma ya mfanyabiashara, na tukanoa kalamu. Tulipochunguza zaidi tuliona aibu. Miezi michache baada ya gari kuwasili, dereva alilalamika kwamba linapokuwa na mzigo halipandi Mlima Sekenke kwa nguvu aliyoitazamia. Akashauriwa kijiweni. Akalipeleka kwa kijana mmoja mwenye kompyuta ya mkononi, ambaye alichomeka waya chini ya usukani, akabonyeza hiki na kile, na kabla saa moja haijatimia akatangaza kwamba ile nguvu iliyofichwa na kiwanda sasa imefunguliwa. Dereva alifurahi, na lazima tuseme kweli, gari lilikwenda. Baada ya muda klachi ikaanza kuteleza. Kisha eksozi ikaanza kutoa moshi mweusi kila lilipopanda kilima. Siku moja, likiwa na mzigo, likitoka Shelui kuja juu, likazimika na halikuwaka tena.

Hakuna karatasi hata moja katika faili la gari hilo inayoonyesha nani aliyeruhusu kazi ile ifanywe. Fedha aliyolipwa kijana yule ilitoka wapi, hakuna ajuaye. Wakala hakuhitaji karatasi. Alichomeka kompyuta yake, akasoma kilichomo, akarudisha gari.

Mchezo huu wa kuongeza nguvu ya injini, ambao vijana wa gereji wanauita kutyuni, umeenea sasa kuliko tulivyodhani. Zamani fundi aliyetaka kuongeza nguvu ya injini ya dizeli alishika bisibisi akaifungua pampu ili imwage mafuta zaidi, na aliyefanya hivyo alionekana, kwa sababu lakiri ya pampu ilikatika. Siku hizi hakuna lakiri inayokatika mbele ya macho. Kazi yote hufanywa ndani ya kompyuta ya injini, na mwenye gari huondoka akiamini kwamba hakuna kilichoguswa.

Na walionaswa si wenyeji wa hapa peke yao. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao barabara ya lami na biashara ya mafuta ya alizeti na vitunguu vimewaleta karibu nasi kuliko zamani, nao wamo. Tulimkuta mmoja wao katika gereji moja mjini hapa, mtu mzima mwenye heshima zake, gari lake likiwa jipya kabisa. Alikuwa akimweleza fundi kwa masikitiko makubwa. "Gari langu kwetu Unguja likiguswa tu linaruka," alisema. "Tangu nipande pale Manyoni limekuwa kama punda aliyebebeshwa mawe. Nimeuziwa kitu kibovu, mwanangu?" Fundi akamjibu bila hata kufungua boneti: "Si bovu, mzee wangu. Injini imebanwa na kiwanda. Nikikufungulia utaipenda." Tulimwomba mzee yule atusikilize kidogo kabla hajatoa fedha zake, na yale tuliyomweleza ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Unguja na Pemba ni visiwa vilivyo usawa wa bahari. Mji wa Singida umekaa kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa huo. Msafiri atokaye Dar es Salaam hupita Morogoro, hufika Dodoma, hushuka katika bonde la Bahi, kisha huukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, na toka hapo yuko katika nyanda za juu hadi atakapofika kwetu. Kadiri anavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini haichomi mafuta peke yake, huyachoma pamoja na hewa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu moja inazopanda; kwa hiyo ikifika Singida imekwisha kupoteza karibu asilimia 15. Haikuharibika, wala hakuna aliyeibana. Mwenyewe akirudi bandarini atazikuta nguvu zake pale pale alipoziacha.

Injini yenye turbo haihisi upungufu huo sana, kwani turbo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Lakini hapa ndipo penye hatari ambayo fundi wetu hakumweleza mzee. Ili turbo isukume Singida hewa ile ile iliyokuwa ikiisukuma Malindi, yapasa izunguke kwa kasi kubwa zaidi. Kompyuta ya injini inalijua jambo hilo. Ina kipima hewa chake, na turbo inapokaribia mpaka wake kompyuta huipunguzia kazi. Anayekuja na waya wake akaiamuru turbo isukume zaidi, na kuiamuru mirija ya sindano imwage mafuta zaidi, anaondoa mlinzi mlangoni wakati ule ule mlinzi anapohitajiwa. Mafuta yakizidi hewa, hutoka moshi mweusi na moto huwa mkali. Pistoni hazikutengenezwa kustahimili moto huo. Kwa sababu hiyo injini iliyotyuniwa nyanda za juu huwa katika hatari kubwa kuliko iliyotyuniwa pwani, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha wanavyofikiri watu.

Mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo zaidi. Mkoa wetu ni mkavu, na nje ya barabara kuu vumbi lake si la mchezo. Chujio la hewa ambalo Unguja lingedumu mwaka mzima, huku kwetu laweza kuziba baada ya safari chache za Itigi au za vijiji vya Mkalama. Gari la mzee yule lilipofunguliwa, chujio lake lilikuwa jekundu kama tofali. Lilibadilishwa. Hatutasema kwamba gari liliruka tena kama kule kwao, maana mita 1,500 zilikuwa pale pale, lakini aliondoka na dhamana yake mkononi.

Wapo watakaotujibu kwamba kiwanda kweli huficha nguvu, na kwamba injini moja huuzwa kwa nguvu mbili tofauti katika nchi mbili tofauti. Ni kweli kwamba jambo hilo hutokea. Lakini tutazame mfano mmoja unaojulikana, wa gari ambalo halina mtu asiyelifahamu katika nchi yetu. Toyota ilipotoa Hilux yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 mwaka 2015, injini ile ilikuwa na nguvu ya kilowati 130. Mwaka 2020 nguvu hiyo ilipandishwa hadi kilowati 150, na nguvu ya kuvuta, ambayo mafundi huiita toki, ikapanda kutoka nyutonimita 450 hadi 500 kwa magari yenye gia za kujibadilisha zenyewe. Fundi wa kijiweni akisoma tarakimu hizo atasema: mnaona, nguvu ilikuwamo tangu zamani! Lakini kiwanda hakikubadilisha tarakimu za kompyuta peke yake. Kiliweka turbo kubwa zaidi na kuirekebisha injini yenyewe. Na lililo muhimu zaidi kwetu, katika magari yenye gia za mkono, kiwanda kiliiacha toki katika nyutonimita 420, kabla ya mwaka 2020 na baada yake. Waliounda injini ile, wenye maabara na wahandisi wengi, hawakuongeza hata nyutonimita moja katika gari la gia za mkono. Kijana aliyekaa juu ya tairi kuukuu pembezoni mwa barabara ya Singida anaongeza kwa saa moja. Magari mengi ya idara zetu ni ya gia za mkono. Wasomaji sasa wanaweza kufahamu kwa nini klachi ya ile pikapu ilikuwa ya kwanza kufa.

Sasa tuje kwenye dhamana yenyewe, kwa maana hapa ndipo wengi wanapopotea, wanunuzi na wauzaji pia.

Sisi tuliokalia mikeka ya chuo kabla hatujakalia madawati ya serikali tulifundishwa mapema tofauti ya maneno mawili yanayofanana katika matumizi ya watu: amana na dhamana. Amana ni kitu cha mwenzio ulichokabidhiwa ukitunze. Dhamana ni kujifunga kwako kulipa endapo kutatokea upungufu. Mtu anaponunua gari jipya, mengine mengi huambatana nalo, lakini haya mawili huenda pamoja. Kiwanda, kupitia kwa wakala, kinajifunga: gari likionyesha kasoro ya uundaji katika muda fulani, aghalabu miaka mitatu au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia, kitalitengeneza bila malipo. Mnunuzi kwa upande wake anaahidi kulitumia gari kama lilivyokusudiwa na kulipeleka kwenye sevisi kwa wakati. Kinachodhaminiwa ni kazi ya kiwanda. Siku injini inapoandikiwa amri mpya na mtu mwingine, ile injini iliyodhaminiwa haipo tena. Ipo injini nyingine ambayo kiwanda hakijapata kuiona.

Wapo wanaojidanganya kwamba wanaweza kuyarudisha maandishi ya awali siku moja kabla ya kwenda kwa wakala. Wanapoteza muda wao. Kompyuta nyingi za magari ya siku hizi huhesabu ni mara ngapi zimeandikwa, na huwa na namba ya uhakiki ambayo haiwi ile ile programu inapobadilishwa. Volkswagen na Audi, kwa mfano, zina alama yao, TD1, ambayo huwekwa katika kumbukumbu za gari lililogundulika kuwa programu ya injini yake imebadilishwa. Alama hiyo ikishawekwa hulifuata gari kila karakana ya kampuni litakakopelekwa, hata likiuzwa kwa mtu mwingine asiyejua lolote. Kwa hiyo anayetyuni gari jipya kisha akaliuza, anamuuzia ndugu yake gari lisilo na dhamana huku akimwonyesha kitabu cha dhamana. Hatuoni jina la kuupa ustadi huo isipokuwa utapeli.

Hata hivyo, tungekuwa tumetenda nusu ya kazi yetu kama tungewasomea wanunuzi peke yao. Wapo pia wauzaji wanaolitumia neno dhamana kama ndoana. Mtu amefunga redio mpya, wakala anakataa kutengeneza gia. Mtu amebadilisha oili katika gereji isiyo ya kampuni, kwa oili ya daraja lile lile lililoandikwa kitabuni, wakala anakataa kutengeneza usukani. Huko ni kukimbia deni. Nchini Marekani, ambako biashara ya kuongeza nguvu ya magari ni kubwa kuliko kwingine kokote, ilipitishwa mwaka 1975 sheria iitwayo Magnuson-Moss, ambayo humkataza muuzaji kuifunga dhamana kwa sharti la kutumia spea za chapa yake tu, isipokuwa akizitoa bure au akipata ruhusa maalumu. Kutokana na sheria hiyo imeeleweka kwamba kampuni inayokataa kutengeneza yapaswa ionyeshe kuwa kitu kilichoongezwa ndicho kilicholeta uharibifu. Aliyetyuni injini akaunguza pistoni, hana lake. Lakini aliyetyuni injini kisha kioo cha dirisha kikagoma kupanda, dirisha lake bado linadhaminiwa. Mpaka huo ni wa haki, na twautaka hapa kwetu.

Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni ya zamani, na humsaidia zaidi mnunuzi aliyemweleza muuzaji mapema kazi atakayoifanyia bidhaa. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake. Zanzibar nayo inayo Sheria yake Na. 5 ya mwaka 2018, iliyoweka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara na kuipa jukumu la kumlinda mtumiaji. Kwa hiyo mzee wetu wa Unguja, lau wakala angemnyima haki yake kwa kisingizio, angekuwa na mlango wa kubisha palepale mjini, bila ya kuvuka bahari. Lakini hakuna tume itakayomsaidia mtu ambaye kompyuta ya gari lake inatoa ushahidi dhidi yake.

Tunamshauri mnunuzi yeyote, awe wa Bara au wa Visiwani, amwambie wakala kwa maandishi kabla ya kulipa: gari hili litafanya kazi nyanda za juu, litabeba mzigo wa kiasi hiki, litapita njia za vumbi. Wakala akijua hayo akamuuzia gari lisilofaa, hoja iko mkononi mwa mnunuzi. Na kama nguvu ndiyo inayohitajiwa, anunue tangu mwanzo gari lenye injini kubwa zaidi au lenye nguvu aitakayo kutoka kiwandani. Huwa ni ghali. Pistoni nne na turbo ni ghali zaidi.

Kuna jambo jingine linalowahusu hasa ndugu zetu wenye jamaa Oman na Dubai. Gari jipya lililonunuliwa huko likaletwa kwa meli, hata liwe limefungwa nailoni kila kona, mara nyingi dhamana yake ni ya huko huko lilikouzwa. Wakala wa hapa halazimiki kulitengeneza bure. Mwenye gari la namna hiyo asome kitabu chake vizuri kabla hajaanza kujivuna. Na wenye magari yaliyotumika Japani, ambao ndio wengi wetu, hawana hati ya dhamana ya kupoteza. Lakini pistoni ni pistoni, na zao huyeyuka kwa moto ule ule.

Tunarudi sasa kwa mali ya umma, kwa kuwa pikapu iliyo chini ya mwarobaini haikununuliwa kwa fedha ya dereva wala ya mkuu wa idara. Magari ya serikali hununuliwa kwa pamoja kupitia Wakala wa Huduma za Ununuzi Serikalini, na matengenezo yake yamewekwa chini ya uangalizi wa TEMESA, ambayo ilianzishwa mwaka 2005 kwa kazi hiyo miongoni mwa nyingine. Kwa hiyo utaratibu upo. Tunachouliza ni hiki: katika utaratibu huo, ni nani anayekitunza kitabu cha dhamana cha kila gari? Tumeuliza katika ofisi tatu za mkoa huu. Katika moja kitabu kilikuwa kwenye gari, kikiwa kimechanwa kurasa za mwisho kwa kuandikia namba za simu. Katika ya pili kilikuwa kwa mtu aliye likizo. Katika ya tatu tuliulizwa kitabu hicho ni kitu gani.

Ofisa usafirishaji asiyejua dhamana ya gari lake inakwisha lini hawezi kuidai. Katika ofisi moja ya hizo tulikuta gari lililotengenezewa gia kwa fedha za idara, ankara ikiwa imelipwa, wakati dhamana ilikuwa bado na miezi minne. Hapo hapakuwa na kutyuni wala fundi wa kijiweni. Palikuwa na uzembe, na uzembe huo huo ndio unaomwachia dereva nafasi ya kulipeleka gari la umma kwa yeyote aliye na waya.

Hatupendi mzigo wote aubebe dereva. Dereva wa serikali hupewa ratiba isiyopimika: asubuhi mkutano Dodoma, jioni aripoti Kiomboi, kesho yake alfajiri Itigi. Akichelewa ni kosa lake. Mtu aliyebanwa namna hiyo, akiambiwa kwamba kuna dawa ya kulifanya gari lipae, ataimeza. Wakuu wa idara wanaopenda kusifia dereva kwa kufika mapema wajiulize ni kitu gani wanachokisifia. Gari lililoongezewa nguvu halikuongezewa breki, na Mlima Sekenke haukwewi tu, huteremkwa pia.

Mawakala nao wana deni kwetu, na deni hili si dogo. Karakana nyingi zilizoidhinishwa ziko katika miji mikubwa. Mwenye gari jipya wa Iramba au Mkalama anaambiwa kwamba dhamana yake itakufa asipofanya sevisi kila baada ya kilomita elfu tano au elfu kumi katika karakana iliyoidhinishwa. Kisha anaonyeshwa karakana ambayo kwenda na kurudi ni kilomita mamia kadhaa. Yaani sehemu ya kilomita za sevisi inaliwa na safari ya kwenda kwenye sevisi. Ndugu zetu wa Pemba wanajua habari hii kwa uchungu zaidi, maana kwao kuna na meli katikati. Mtu huvumilia mara ya kwanza, na mara ya pili, na mara ya tatu huingia gereji ya jirani, na akishaona kwamba dhamana imekwisha kufa hata hivyo, hana tena sababu ya kumkatalia yule kijana mwenye kompyuta. Masharti yasiyotekelezeka huzaa uasi hata kwa watu waaminifu.

Dawa yake ipo na haihitaji fedha nyingi. Chuo cha VETA kipo hapa Singida, na vijana wa ufundi wa magari wanafundishwa. Mawakala waidhinishe gereji za mikoani zenye mafundi waliofuzu, wawape oili na machujio halisi na fomu za kuandika kazi iliyofanywa, na sevisi hiyo ihesabiwe kuwa halali. Kijana yule aliyeichomekea waya pikapu si mjinga; ameijua kompyuta ya gari kwa kujifundisha mwenyewe, jambo ambalo wengi wenye vyeti hawajaliweza. Akipewa kazi halali ya kusoma hitilafu na kuzitengeneza, tunaamini ataacha kuuza ndoto. Leo hakuna aliyempa kazi hiyo, wala hakuna aliyemwambia hasara aliyoisababisha. Tulipomweleza habari za ile pistoni alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba dereva hakumwambia kuwa gari lilikuwa na dhamana.

Vitabu vya dhamana navyo viandikwe kwa Kiswahili. Tumevisoma viwili vitatu, na hata sisi tulioshika Kiingereza cha shule tulilazimika kurudia baadhi ya aya. Sharti ambalo mnunuzi hawezi kulisoma atalivunja bila kujua, na muuzaji anayelijua hilo kisha akalinyamazia hana haki ya kulalamika. Tume zote mbili, ya Bara na ya Zanzibar, zaweza kulidai jambo hili kutoka kwa kila anayeuza magari mapya katika Jamhuri yetu. Wakati zikilifanya hilo, zidai pia kwamba wakala akikataa kutengeneza atoe sababu kwa maandishi: nini kilichobadilishwa, kimeonekanaje, na kimeletaje uharibifu unaobishaniwa. Mwenye haki hataogopa kuandika.

Kwa upande wa serikali, tunaomba waraka mmoja mfupi uende kwa kila ofisa masuuli kabla ya tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha unapoanza na maombi ya magari mapya yanapotumwa. Waraka huo useme kwamba ni marufuku kubadilisha programu ya injini ya gari la serikali, liwe na namba ya STK au ya SMZ, bila kibali cha maandishi. Kwamba kitabu cha dhamana kitunzwe katika faili la gari na nakala yake iwe kwa mhasibu. Kwamba hakuna ankara ya matengenezo itakayolipwa mpaka mhasibu athibitishe kuwa dhamana imekwisha au haihusiki. Na kwamba atakayesababisha dhamana ipotee atalipa. Mhasibu akiwa na nakala, zile gia tulizozitaja zisingelipiwa.

Kuhusu pikapu yetu, tumeambiwa kwamba idara imeandika kuomba fedha za injini mpya. Hatupingi ombi hilo. Kazi za wananchi haziwezi kungoja. Lakini fedha hizo zisitolewe kabla haijajulikana nani aliyetoa amri, au nani aliyefumba macho. Namba ya usajili wa gari hilo tunayo, tarehe liliposimama tunazo, na nakala ya barua ya wakala imo mezani petu. Ofisa yeyote mhusika atakayezihitaji atukute ofisini siku yoyote ya kazi.